Maji Niliyoyabana Hadi Mlangoni

Jamani, nimekaa na aibu hii wiki nzima, leo naitema.

Tumbo la chini lilinisumbua kwa miezi. Kipimo cha ultrasaundi kinataka kibofu kijae, la sivyo kizazi hakionekani vizuri. Safari ya kwanza nilishindwa kuvumilia, nikaenda chooni, nikarudi Sengerema bila majibu. Safari hii nikaapa: liwalo na liwe, chooni siendi.

Nilipofika hospitali Mwanza mjini nikanywa chupa kubwa ya maji, nikaketi kwenye benchi. Foleni ilikuwa ndefu. Nikabana miguu, jasho likanitoka. Dada aliyeketi jirani yangu akanionea huruma: "Nenda tu, mama, utaumia." Nikamkatalia kama aliyeniomba shamba.

Hatimaye nesi akafungua mlango, akaniita. Nikainuka taratibu, mshindi kabisa. Ndipo nikamwona baba mkwe wangu anakuja na fimbo yake. Alisikia naumwa, akatoka Magu kuja kunijulia hali.

Kwetu Usukumani, baba mkwe humsalimii ukiwa umesimama. Akili iliniambia nimpungie mkono tu. Magoti hayakusikia.

"Shikamoo, baba," nikasema, nikiwa nimeshapiga magoti.

"Marahaba" yake ilitoka pamoja na maji yangu.

Nesi akachungulia tena: "Mama, mbona huingii? Kibofu kimejaa vizuri?"

Mzee akainua macho, akatazama dari.

"Kilikuwa kimejaa, nesi," akanijibia.