Mama Mkwe wa Kilo Mbili

Laurent alikuwa shemasi wa kanisa dogo la mabati huko Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, na kazi yake ilikuwa kujua nani amelala njaa. Yeye ndiye aliyegawa unga wa sadaka kila Jumapili. Watu walimwamini kwa sababu hakuwahi kujipendelea hata kikombe kimoja, na yeye mwenyewe alilijua hilo, tena alilijua mno. Siku za kazi aliuza vitenge sokoni. Alivinunua kwa jumla Nyamityobora, mjini Mbarara, kwa mama mmoja mfanyabiashara aitwaye Mbabazi.

Huyo Mbabazi ndiye aliyemtia wazimu. Siku moja alimpeleka nyumbani kwake Kakiika kuchukua mzigo uliobaki stoo, na pale uani Laurent akaona mbwa. Si hawa mbwa wetu wa kujitafutia maganda jalalani. Hawa walikuwa wa ile aina ya Kijerumani wanayotumia polisi, masikio wima, kifua kipana, wanakutazama kama askari anayekagua kitambulisho.

"Hii si mbwa ya kucheza, sebo, bwana," Mbabazi akamwambia, akimwonyesha mtoto mmoja jike. "Hata babu yake iko kwa karatasi. Ikikua inazaa watoto nane, na kila moja mimi nauza milioni na zaidi."

Laurent akapiga hesabu papo hapo, na ilikuwa hesabu ya kuzidisha tu, ya kutoa hakuikumbuka. Pesa aliyokuwa nayo ilikuwa zamu yake ya likelemba, ule mchango ambao yeye na wachuuzi wenzake huweka kila wiki, kisha zote anapewa mmoja. Ilikuwa ya kuongeza mtaji. Akatoa milioni na laki mbili, akarudi Nakivale na mbwa ndani ya katoni, pamoja na karatasi yenye majina ya ukoo wa mbwa mpaka kizazi cha tatu. Laurent mwenyewe alisubiri miaka minne kupata karatasi ya kusema kwamba yeye ni Laurent.

Mkewe Chantal aliitazama ile katoni. "Atakula nini?"

"Atakula kile tunakulaka sisi."

Thubutu. Wiki ya kwanza mbwa alikula ugali na maharage, wiki ya pili akaharisha mpaka mbavu zikahesabika. Daktari wa mifugo akaitwa kutoka Kabingo, akataka nauli, akataka pesa ya sindano, kisha akasema mbwa wa namna hii asipopata nyama miguu itapinda na hakuna atakayenunua watoto wake. Basi ikawa nyama. Ilianza nusu kilo, na kufikia mwezi wa tano zilikuwa kilo mbili kila siku ya pili. Vitenge vikapungua kwenye meza ya Laurent. Wanawe walikula maharage huku wakinusa nyama ikichemka kwenye sufuria ya mbwa.

Lakini pesa haikumuuma kama foleni ya bucha. Mwaka huo msaada wa chakula ulikuwa umepunguzwa, na kaya nyingi zilikuwa zimefutwa kabisa kwenye orodha. Mtu akinunua nyama katikati ya wiki anaonekana. Siku moja Kwizera, mwenye bucha, akamuuliza kwa sauti, bila ubaya wowote, "Shemasi, kilo mbili tena? Una wageni?"

Nyuma ya Laurent walikuwa wamesimama wanawake watano aliowapimia unga Jumapili. Mmoja wao alikuwa Apollinarie, mjane wa Kirundi aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Kusema "ni ya mbwa" mbele ya macho yale, Laurent hakuweza.

"Mama mukwe amefika toka Kyangwali," akasema. "Iko mugonjwa, damu imepunguka. Munganga alisema akule nyama mingi."

Kyangwali ni kambi nyingine, mbali sana, na mama mkwe alikuwa huko huko, mzima wa afya, akipalilia mahindi yake.

Chantal alizisikia habari bombani. Alirudi na ndoo tupu. "Papa Gradi," akasema, maana Gradi ndiye mtoto wao wa kwanza, "umemupatia mama yangu bugonjwa? Mama aliyekupatia bibi bila kuomba hata mbuzi moja?"

Laurent alitamani ardhi ipasuke immeze. Akajiambia kwamba kesho yake atasema ukweli. Kesho yake alinunua kilo mbili.

Jumapili mchungaji Bienvenu akamwombea mama mkwe kwa jina. Baada ya ibada akina mama wakaja kwa mstari, wakiimba, beseni kichwani, kama wafanyavyo penye mgonjwa: unga, maharage, ndizi. Apollinarie ni Mkatoliki, lakini kwenye ugonjwa haangalii kanisa. Alileta mayai sita kwenye kitambaa. Mbwa alikuwa amefichwa nyuma ya choo, mdomo umefungwa kamba. Laurent, jasho likimtiririka, akawaambia mgonjwa amezidiwa, amepelekwa hospitali kubwa ya Mbarara. Akadhani yameisha hapo.

Alisahau jambo ambalo mtoto yeyote wa Fizi, kwao Kongo, analijua: mgonjwa wenu halali hospitalini bila watu wenu. Nani atamwogesha? Nani atampikia? Kanisa likachanga nauli bila kumwambia, lisije likamwongezea mzigo. Jumanne alfajiri Apollinarie na Madeleine, mke wa mchungaji, wakaenda Mbarara na chupa ya uji. Walizunguka wodi hadi wodi mpaka mchana. Wauguzi wakawafungulia vitabu, jina hawakuliona. Mwishowe Madeleine akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa kitenge. Mgonjwa aliyezidiwa, jina halimo tena kwenye vitabu: kwake yeye hilo lilikuwa na maana moja tu.

Jioni Laurent alikuwa uani akikatakata nyama alipoona watu wanaingia bila kuimba. Walikuwa zaidi ya thelathini. Walibeba mikeka, na kuni za moto wa matanga. Mchungaji akamshika bega.

"Ndugu Laurent, ikala chini. Bamama bametoka Mbarara. Ujikaze."

Chantal akatoka jikoni, akaiona mikeka, akaelewa. "Sema," akamwambia mumewe. "Ama niseme mimi."

Laurent akasema. Alisema yote akiwa amesimama, kisu mkononi: kwamba hakuna mgonjwa, kwamba mama mkwe hajawahi kukanyaga Nakivale, na kwamba nyama ilikuwa ya mbwa. Mbwa mwenyewe, mkubwa sasa kuliko mbuzi, alikuwa amejilaza pembeni akingoja. Masikio ya Laurent yaliwaka moto. Aliona aibu mpaka akatamani mtu ampige.

 Apollinarie akauliza, "Kwa hiyo mama ni mzima?"

"Ni muzima."

"Mungu ashukuriwe," akasema, akaanza kulia, na wenzake wakalia naye, kwa furaha ya kweli. Hakuna aliyemtukana. Mchungaji tu alimwomba ufunguo wa stoo ya unga, kwa upole, na Laurent akautoa mfukoni akampa.

Watu wakakunja mikeka yao, wakaondoka mmoja mmoja. Apollinarie akabaki nyuma. Alimtazama mbwa, akautazama mlango kuona kama wenzake wametoka, kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa haya, utadhani ni yeye mwenye kosa:

"Shemasi, huyu akimaliza kula, ile mifupa mnaitupa wapi? Ningewachemshia watoto supu."

Laurent akakiweka kisu chini.

"Hasazi kitu, mama," akasema. "Anakulaka na mifupa."