Habari Njema za Mjomba Sharifu

Kazi ya Wahida ilikuwa kushika simu. Kwenye mkataba iliandikwa kwa maneno marefu zaidi, lakini mtu ambaye angemfuata kutwa nzima asingeona kingine: msichana wa Dunda mwenye fulana ya buluu juu ya dera, ameinua simu kubwa mbele ya uso wa mtu mzima, na ndani ya simu daktari anazungumza kutoka Dar es Salaam. Mgonjwa akisogea, simu inasogea. Mgonjwa akienda kuswali, simu inangoja.

Mradi ulikuwa wa lehemu. Ndivyo fulana ilivyosema mgongoni. Watu wenyewe husema mafuta ya damu, na kabla ya mradi waliyaweka katika magonjwa ya matajiri. Siku ya kupima, kila aliyekuwa na nafasi alitobolewa kidole, na majibu yakaonyesha kwamba Dunda imejaa matajiri.

Tajiri wao mkubwa alikuwa Sharifu, mkaanga samaki wa sokoni, kaka wa marehemu mama yake Wahida. Mama alipofariki, Sharifu alimchukua mtoto bila kungoja kikao cha ukoo, akamlea, akamsomesha uhudumu wa afya kwa changu na nguru waliopita kwenye karai lake. Mwenyewe alikula vile vipande asivyoweza kumuuzia mteja: mikia iliyokauka, mayai ya samaki yaliyopasuka, vichwa vilivyosahauliwa mafutani. Kuvitupa ni israfu, na israfu aliikataza nyumbani kwake kwa ukali kuliko wizi.

Dokta Nadhira, ambaye Wahida hakuwahi kumwona chini ya mabega, alimweleza mambo waziwazi baada ya majibu yale.

"Dada Wahida, huyu mzee asimeze dawa siku mbili tatu tu, kisha akajisikia mzima akaacha. Akiacha, utamwangusha moyo au kichwa. Na vidonge vikimuumiza misuli, aseme. Vipo vingine, tutambadilishia. Ila aseme."

Wahida alielewa. Hakuwa na mzazi mwingine wa akiba.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi, na waliobuni waliusifu kwa wepesi huo. Kila wiki mashine inampigia mgonjwa kwa sauti ya mwanamke mpole: habari ya leo? Ukiwa unaendelea vizuri, bonyeza moja. Ukiwa na tatizo, bonyeza mbili. Aliyebonyeza mbili, daktari anampigia siku hiyo hiyo. Aliyebonyeza moja anaachwa na afya yake mpaka siku ya kuonana na daktari kwenye simu. Damu nayo ilikuwa ipimwe mara kwa mara, lakini vile vijiti vya kupimia viliisha wiki ya uzinduzi, na vingine vilikuwa njiani. Kwa hiyo ushahidi wote wa damu ya Sharifu ulibaki kinywani mwa Sharifu.

Yeye akabonyeza moja. Wakabonyeza moja na wengine wote, kuanzia Dunda hadi Saadani. Hata kule Mkange, ambako mtandao huupati mpaka upande kichuguu, watu walipanda kichuguu na magoti yao mabovu ili wabonyeze moja. Wageni wa mradi walipokuja walisema hawajawahi kuona matokeo kama haya. Wahida akapewa fulana ya pili.

Aliyempasulia jipu ni Mwanamkasi, mkaza mjomba wake, siku alipokwenda kumsaidia kuparua samaki.

"Ile dawa yenu nzuri," alisema Mwanamkasi bila kuinua macho. "Baraza zima inawafaa."

"Baraza gani?"

"Ya wazee wenzake. Kikipita kikombe cha kahawa, kinafuata kidonge. Huyu chukua, na wewe chukua, za bure hizi. Anazigawa kama kashata."

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye alimeza mwanzoni. Miguu ikamwaka moto. Mtu anasimama karaini tangu asubuhi, miguu aifanyeje, aitundike ukutani?"

Wahida akaacha kisu. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini mjomba wake alisifiwa Dar es Salaam kuwa mgonjwa mtiifu: dawa zake ziliisha kwa wakati, wala hazikubaki.

Jioni alimkalia kitako. Sharifu hakukana, kukana ni kusema uongo, na hakuwa mwongo.

"Mzee Salumu anaumwa kama mimi, hakuandikishwa," alisema. "Nimeze mbele yake, yeye anitazame?"

"Mjomba, Mzee Salumu si mgonjwa wangu."

"Ni jirani yako."

"Basi mwambie dokta miguu inauma. Kuna dawa nyingine. Akikuona wiki hii, mwambie. Nakuomba. Sina mwingine mimi."

Sharifu akacheka kidogo. "Haya mama. Nitamwambia."

Siku ilipofika alioga, akavaa kanzu na kofia, akakaa kwenye kiti cha plastiki kama anayekwenda kuposa. Wahida akainua simu. Dokta Nadhira akatokea, kichwa na mabega.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za hapo?"

"Njema tu. Za huko?"

"Salama. Unaendeleaje na hali?"

"Tunamshukuru Mungu. Wazee wako hawajambo?"

"Hawajambo, mzee. Dawa unatumia?"

"Haibaki hata moja," alisema Sharifu.

Mkono wa Wahida ukaanza kuchoka. Mafunzoni walikatazwa, na wakaimbishwa kabisa kwa pamoja, kwamba mhudumu hamjibii mgonjwa. Lakini hilo alikuwa tayari kulivunja. Lililomshinda lilikuwa la zamani zaidi ya mradi: kumwambia mgeni, mjomba akiwa amekaa hapo na kofia yake kichwani, kwamba huyu mtu mzima hasemi kweli. Mkono uliomlisha ulikuwa umepumzika juu ya goti, unanukia samaki na sabuni. Akakohoa.

"Miguu haisumbui?" aliuliza daktari.

Wahida akakohoa tena, kwa nguvu.

"Uzee, mwanangu," alisema Sharifu. "Uzee hauna dawa."

"Hata mimi naanza," alisema daktari, wakacheka wote wawili. "Dada Wahida, na wewe una kifua? Kanywe tangawizi."

"Nitakunywa, dokta," alisema Wahida.

Simu ilipozimika akaitupa kitandani. "Mjomba, ulisema utamwambia!"

"Nilikuwa nimwambie. Yeye kaniuliza habari."

"Ndiyo hiyo ya kumjibu!"

"Mtu anakuamkia, anakuuliza habari, unamtupia miguu yako usoni? Mtoto wa watu, hata kwao simjui. Habari ni njema kwanza. Mabaya yanakuja baadaye, mkishakaa, mkishakunywa maji."

"Hakuna kukaa, mjomba. Ana wagonjwa wengine wanasubiri."

"Basi na awahi," alisema Sharifu, akavua kofia. "Mimi sikumharakisha."

Usiku ule Wahida alimwandikia daktari kupitia sehemu ya maoni, kwa kuwa namba yake ya mkononi wahudumu hawakupewa. Aliandika yote: miguu, baraza, kahawa. Alipotuma alijiona msaliti, na akaona usaliti huo una faida. Jibu lilikuja papo hapo. Lilisema: asante kwa maoni yako, tunayathamini. Akaandika tena kesho yake, na wiki iliyofuata. Wakayathamini tena.

Vijiti vya kupimia vilikuwa bado njiani siku Sharifu aliposhindwa kugeuza samaki. Wateja walidhani anafanya mzaha. Alikuwa amesimama mbele ya karai, kijiko kirefu kimemponyoka, anautazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine aliyeuacha pale. Mteja mmoja akamwambia nguru wangu anaungua mzee. Sharifu akafungua kinywa kuomba radhi na kinywa kikaenda upande mmoja peke yake. Wakampakia kwenye bajaji. Nguru aliungua kweli.

Alirudishwa nyumbani baada ya kulazwa muda mrefu, akiwa na nusu ya mwili inayosikia na ulimi usiotaka kazi. Dokta wa wodini alisema ni kiharusi, na akauliza kama mzee alikuwa anatumia dawa yoyote. Mwanamkasi akamtazama Wahida. Wahida akatazama sakafu.

Baraza likahamia chumbani. Wazee walikaa kwenye mkeka, wakanywa kahawa, wakazungumza kwa sauti ya juu kidogo kana kwamba kiharusi ni uziwi. Mzee Salumu, aliyekwenda kupimwa Dar kwa mwanawe, alimvuta Wahida pembeni.

"Mwanangu, yale mafuta yangu yameshuka. Daktari kashangaa. Zile za mjomba wako ni dawa kweli, nimeamini." Akashusha sauti. "Zimebaki?"

"Hazikubaki, mzee," alisema Wahida.

Alasiri hiyo, wazee walipokwisha kuaga, simu ya Sharifu ikaita. Ilikuwa siku yake. Mwanamkasi aliipokea, akaiweka kifuani mwa mumewe kama alivyozoea, na sauti ya mwanamke mpole ikajaza chumba.

"Habari ya leo?"

Macho ya Sharifu yakafunguka. Mkono wa kushoto ukaanza kutambaa juu ya shuka.

"Mbili, mjomba," alisema Wahida, akapiga magoti kando ya kitanda. "Bonyeza mbili. Dokta atapiga leo leo. Mbili, nakuomba."

Angeweza kuichukua ile simu. Ilikuwa karibu na mkono wake, na mgonjwa hakuwa na nguvu za kumzuia. Lakini kidole kilikuwa kimeshafika juu ya kioo, na Sharifu alikuwa anamtazama kwa lile jicho lililobaki na akili zake zote, jicho la mtu anayemfundisha mtoto namna ya kupokea mgeni.

Akabonyeza moja.

"Hongera sana," ilisema sauti. "Endelea hivyo hivyo."

Wahida akabonyeza mbili, akabonyeza tena na tena. Mashine ilikuwa imeshakata.