Mume wangu anarudi ziwani na mkono uliokufa ganzi

Admin, jina langu lifiche na mtaa usiutaje, maana Gitega hii tunajuana hata kwa mlio wa viatu. Nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Muyinga, nimeolewa huku na nashona nguo za kike. Tuna binti mmoja. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mcheshi, mkarimu, na kichwa chake ni kigumu kuliko chuma anachokichoma. Nampenda. Naliweka hilo mbele kabla hamjaanza kunishambulia.

Mwaka huu akili yake yote iko ziwani. Mwenye maboti mmoja wa Bujumbura alimwambia kwamba fundi anayeweza kuchomelea chini ya maji hakosi kazi maisha yake yote. Basi yeye na wenzake, watoto wa milimani ambao maji mengi waliyoyajua ni ya mvua, wakashuka kujifunza kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni. Mafunzo ya mwanzo wameyamaliza majuzi tu, tena kando kando ya ziwa, na tayari wanatembea mtaani kifua mbele kana kwamba wamezaliwa na samaki. Sasa wanataka mafunzo ya juu, yale ya kwenda kina kirefu kwenye giza. Mwalimu wao, Mkongomani wa Uvira, aliwasihi wazamie kwanza miezi kadhaa mahali pepesi, wazoee. Walimbembeleza mpaka akachoka, akakubali. Haraka haraka haina baraka, lakini umwambie nani?

Siku ya mwisho ya mafunzo ya mwanzo nilishuka naye nikaone. Nilimsikia mwalimu kwa masikio yangu: "Vijana, mukitoka kwa maji, mulale huku chini. Kesho ndio mupande mulima. Mwili iko kama chupa ya soda, ukifungua haraka inatoa mapovu. Mapovu ikiingia kwa damu, utalia."

Lakini kesho yake asubuhi wageni walikuwa wanaleta posa ya wifi yangu kule Muyinga, maana hata mume wangu kwao ni huko. Baba mkwe ni marehemu, na mume wangu ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, kwa hiyo ndiye anayekaa kwenye kiti cha baba na kuwajibu wageni. Kiti kile kikikosa mtu, ukoo mzima unaaibika. Tukapanda gari mchana ule ule, nywele zake bado mbichi. Nilimkumbusha maneno ya mwalimu, akanicheka.

"Moniteur anaongea ya watu wenye kulala hoteli," akasema. "Mi niko na mama ananingoja."

Tulipofika Bugarama, kule juu kwenye baridi na wauza kabichi, alianza kujikuna mikono. Halafu akashika bega. Halafu akaanza kuukanda mkono wa kulia. Kesho yake alikaa kwenye kiti cha baba na kuongea vizuri mpaka wazee wakapiga makofi. Alipompa mshenga glasi ya fanta, ikamponyoka mkononi na kumwagikia kanzu ya mgeni. Watu wakacheka, wakasema kaka ana furaha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya sambusa, sikucheka.

Tangu siku ile vidole vyake vya mkono wa kulia vina ganzi. Hospitali hataki kusikia, anameza dawa za maumivu tu na kusema ni uchovu wa kazi. Juzi nilimwambia aahirishe mafunzo. Alikasirika kweli.

"Moniteur anauliza kila mtu: nani iko na maumivu? Nikisema ndiyo, ananirudisha nyumbani. Wenzangu watapata niveau ya juu, mi nabaki na vyuma za madirisha. Ni hiyo unataka?"

"Nataka mume mzima," nikamjibu.

"Basi funga mdomo. We ukimwambia, usinihesabu tena mume wako."

Nikampigia mama yangu, nikidhani nimepata mtetezi. Akaniambia nikumbuke shangazi zangu walichonifunda siku ya ndoa, kwamba siri ya mume haivuki kizingiti. "Niko zubakwa, mwanangu," akasema, ndivyo nyumba zinavyojengwa. Mama, nyumba gani inajengwa na mtu aliyelala chini ya ziwa? Sikumwambia hivyo, nilikata simu kwa adabu.

Tangu hapo situlii. Nashona, nafumua, nashona tena. Nimeharibu gauni la mteja. Naenda sokoni, narudi bila chumvi niliyoifuata. Nina namba ya mwalimu, aliniachia siku ile. Naifungua, naifunga, narudi kwenye cherehani. Nina hasira na mume wangu, hasira kweli, kwa sababu ameniachia mimi niubebe uamuzi ambao ni wake.

Leo asubuhi alikuwa anajaribu shati jipya la safari. Alihangaika na vifungo, akaniita. Binti yetu akaniwahi, akapanda kitandani, akamfungia kimoja kimoja mpaka shingoni. "Baba hajui," akaniambia, kwa fahari. Baba yake akacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Anashuka Ijumaa baada ya swala, Jumamosi wanaenda kina kirefu. Nikimwambia mwalimu, nimempoteza mume kwa ulimi wangu. Nikinyamaza, kuna mtoto hapa atakayeniuliza siku moja kama nilijua. Ndugu zangu, ingekuwa ni nyinyi mngefanyaje? Nijibuni kabla ya Ijumaa, baada ya hapo hata msihangaike kuandika.