Ngemi Tano za Warigia

Shamba la mzungu karibu na mji mdogo wa Ziwa lilipogawanywa, mwaka wa 1964, kila mnunuzi alitaka barabara na kila mnunuzi alitaka mto. Basi vipande vikakatwa virefu na vyembamba, vikishuka mteremko kama mikanda. Watu wakalima kwa urefu, hadi mtoni. Warigia, mjane aliyetoka Nyeri na binti yake Waceke, alilima kukingama mteremko, akigeuza ng'ombe kila baada ya hatua ishirini.

"Mama Waceke," jirani yake Mzee Thuo alimcheka, "hao ng'ombe watashikwa na kizunguzungu!"

"Wacha washikwe, Mzee. Sitaki mvua ipate barabara ya kukimbilia mtoni."

Mwaka uliofuata mvua ilianza vizuri, kisha ikakatika. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, yamejikunja kwa kiu, na kwao Nyeri Warigia hakuwa na ardhi ya kurudia. Alasiri moja mbingu ikafunguka. Alikimbia shambani bila viatu. Kwa Thuo maji mekundu yalikuwa yakiteremka kwa kasi, yamebeba udongo. Kwake yalikuwa yamesimama, mtaro juu ya mtaro, ardhi ikiyanywa! Akapiga ngemi tano, vile vigelegele vya kumpokea mtoto wa kiume.

Thuo alitokea mbio, amelowa. "Nani amezaa?"

"Shamba, Mzee! Shamba!"

Mvua haikurudi kwa wiki nne. Mahindi ya Warigia yakabaki kijani, yakabeba; ya Thuo yakanyauka. Msimu wa kulima uliporudi, Thuo alikuja asubuhi na ng'ombe wake.

"Mama Waceke, nionyeshe pa kugeuzia."