Nilifunga Kago la Uongo Kwenye Waya wa Kuchajia, Sasa Mdogo Wangu Amevimba Tumbo

Admin, jina langu naomba libaki kwako. Huku kwetu Masasi watu wanajuana hadi kwa kikohozi, na sitaki mtu aje kunisutia mlangoni. Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, naishi Mkomaindo. Mdomo ninao, sikatai, na huo mdomo ndio ulioniponza.

Mimi na mume wangu tuna bajaji ya umeme, na nyumbani tumeweka sehemu ya kuchajia. Madereva wenzake nao huja kuchaji kwetu. Kazi ilikwenda vizuri mpaka wezi walipojua kuwa ndani ya ule waya mnene kuna shaba. Wa kwanza ulikatwa mchana kweupe, mimi nipo uani napepeta mchele! Tukanunua mwingine, tukaufunga kwa mnyororo na kufuli. Wakaiacha kufuli yetu inaning'inia, wakakata waya pembeni yake. Uliofuata tukaupitisha kwenye bomba la chuma, wakaondoka na bomba lenyewe. Jamani, nililia kama nimefiwa.

Ndipo nikapata akili yangu ya ovyo. Huku mtu asiyetaka mikorosho yake iguswe hufunga kago shambani, dawa ya kinga, na anayeiba inasemekana huvimba tumbo mpaka mwenye mali aje kulifungua kago na kumtegua. Watu wanaliogopa kago kuliko polisi. Basi nikachana pazia langu kuukuu jekundu, nikachukua chupa tupu ya dawa ya kikohozi, nikatia maji na masizi ya sufuria, nikavifunga kwenye waya mpya. Kisha nikasimama barabarani, mikono kiunoni: "Nimetoka Newala kwa fundi wa kago! Anayejiona kidume aguse aone!" Newala yenyewe sikuwa nimekanyaga. Mume wangu peke yake ndiye aliyeujua ukweli, na alicheka mpaka akakaa chini.

Waya ukatulia. Nikajiona mjanja kweli. Halafu siku moja tumerudi kutoka msibani, tunakuta umekatwa, kimebaki kipande kidogo chenye kile kitambaa. Hasira zikanipanda, nikapita mtaa mzima napayuka: "Aliyekata atanitafuta mwenyewe, tumbo litamleta!"

Aliyevimba tumbo ni mdogo wangu. Mdogo wangu wa tumbo moja, dereva wa bajaji, anayechaji kwangu na kula kwangu. Alianza kwa kukosa hamu ya kula, macho yakawa ya njano, kisha tumbo likajaa mpaka shati halifungiki.

Mama yetu alishafariki, kwa hiyo mambo ya ukoo yako kwa mjomba wetu, anayeishi Lisekese. Ndiye aliyemchukua, na amekataa katakata asipelekwe hospitali. Anasema aliyeshikwa na kago akichomwa sindano anakufa palepale. Nilipofika, shikamoo yangu haikuitikiwa.

"Umemfunga ndugu yako kwa ajili ya waya?"

"Mjomba, hakuna kago. Ni pazia na masizi ya sufuria, naapa."

"Siku ile ulipotangaza barabarani, ulikuwa unatangaza pazia?"

Nikapiga magoti, nikalia, nikaapa kwa kaburi la mama. Akaniambia nina roho ya chatu, namficha fundi wangu ili nimkomoe mtoto. "Mtegue kwanza, ndipo aende hospitali. Bila hivyo hatoki hapa." Wallahi, nilidanganya mara moja wakaniamini wote. Leo nasema kweli, hakuna hata mmoja anayenisikiliza.

Nikamwambia mume wangu tumchukue kwa nguvu na bajaji yetu. Akainamisha kichwa. "Mke wangu, mimi hapa ni mkwe tu. Akinifia njiani, nitasema nini mbele ya wajomba zako?" Mwenyekiti wa kijiji naye kasema mambo ya ukoo tuyamalize kwenye ukoo.

Najua mtaniambia, si ufungue kitambaa tu useme umetegua, kwani shida iko wapi? Shida ni kwamba anayeteguliwa ni mwizi. Ndivyo inavyojulikana huku. Madereva ambao walikosa pa kuchajia kwa sababu ya waya ule wameshaapa kumshughulikia mwenye tumbo akishapona. Mchumba wake, kwao wameanza kumzuia asije kumwona. Na mimi sijui kama aliiba au hakuiba, lakini hata kama aliiba, ugonjwa ule hautoki kwenye pazia langu!

Jana waliniruhusu nikae naye kidogo. Miguu imeanza kuvimba pia. Nikamnong'oneza ukweli wote, tangu pazia hadi chupa. Alicheka kidogo, akakohoa, akanishika mkono.

"Dada, mimi nakuamini. Ila Mjomba hawezi kukuamini."

"Sasa tufanyeje, mdogo wangu?"

"Njoo na kitambaa chako. Mimi waya wako sijaugusa, Mungu anaona. Lakini nitasema nimeiba. Nitasema mbele ya wote. Wewe fungua tu, nipelekwe hospitali ya Ndanda."

Nilitoka pale nikarudi nyumbani. Mjomba ananisubiri kesho asubuhi nije kutegua, na watu wameshaitwa washuhudie.

Ninapoandika, kile kipande cha waya kiko mapajani kwangu na kitambaa chake. Fundo ni la kawaida tu, kama la mfuko wa unga, mtoto analifungua. Nikilifungua, nimemtangaza ndugu yangu mwizi kwa mikono yangu mwenyewe, na huenda madereva wakamuua akitoka kitandani. Nisipolifungua, hata hicho kitanda cha hospitali hatakiona. Ndugu zangu mnaosoma hapa, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nishaurini kabla hakujakucha: nilifungue au nisilifungue?