Siku Bibi Alipomwosha Mama

Harufu ya kafuri dukani hunirudisha Jomvu Kuu, kwa bibi yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake wa mtaa wetu, kwa ajili ya Mungu tu. Mama, bintiye wa pekee, alipofariki, majirani walimsihi, "Huyu tuachie sisi, Bibi."

Akajibu, "Nilimwogesha alipozaliwa. Na leo nitamwogesha mimi."

Nilikuwa mdogo, nikasimama nje ya pazia la leso. Nilisikia maji yakimiminwa taratibu, na sauti ya Bibi ikibembeleza: "Geuka kidogo, mwanangu. Haya, lete mkono."

Alipotoka nikamuuliza, "Bibi, mama amekujibu nini?"

Akaketi pale pale sakafuni, akanipakata, na ndipo nilipomwona akilia.