Kalimati za Shangazi Mwajuma

Nilipokuwa mtoto, marehemu wa ukoo wetu walirudi nyumbani kila Alhamisi jioni, na hakuna aliyeshangaa. Bibi, mama yake baba, alifagia uwanja mapema, akatia makaa kwenye chetezo, akachoma ubani, akatukataza kumwaga maji nje ovyo tusije tukamlowesha babu yetu. Walikuja kuangalia kama bado wanakumbukwa, wakiridhika wakaondoka. Marehemu mwenye haja maalumu alikuja ndotoni, akasema anachotaka, na kesho yake kikapikwa. Kwetu Ruaruke hilo halikuwa jambo la kubishania.

Mwaka aliofariki shangazi Mwajuma, mvua ilikuwa kubwa. Aliugua Kibiti alikoolewa, na habari ilipotufikia njia ilikuwa imekatwa na maji. Bibi alikwenda hivyo hivyo, akavuka maji ya mapaja, akafika watu wanarudi kutoka makaburini. Baada ya hitima alirejea na binti wa marehemu, dada Zuhura, wa miaka kumi na minne, amebeba nguo zake na kanga mbili za mama yake kwenye mfuko wa rambo. Baba yake alikuwa Dar es Salaam kwenye biashara ya mitumba, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imepamba moto, na alisema atakuja kumchukua mambo yakikaa sawa. Mambo hayakukaa sawa.

Namwonea huruma sasa kuliko nilivyomwonea wakati ule. Wasichana wa rika lake pale kijijini walikuwa wameshawekwa ndani, wanafundwa, hawaonekani. Sisi wadogo tulimwona mtu mzima. Akabaki katikati, hana wa kusema naye. Alizoea Kibiti, magari na redio za madukani. Kwetu alisikia vyura. Mchana alikaa nyuma ya jiko, ameweka kanga za mama yake mapajani, anazinusa. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilidhani anaringa.

Asubuhi moja akamwambia Bibi kwamba mama yake amemjia usingizini, anataka zikaangwe kalimati wapewe watoto. Bibi alilia, akacheka, akamtuma baba dukani. Sukari siku hizo ilikuwa imeanza kupatikana bila foleni wala kujuana na mtu, na Bibi aliimwaga bila huruma. Jioni uwanja ulijaa. Zuhura alisimama kwenye karai, anakaanga, anagawa, anaitwa huku na huku, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka. Kesho yake tulipokwenda kuteka maji akaniambia kwamba hakuota chochote, na nikimwambia mtu atanifinya. Nilinyamaza kwa kuogopa kufinywa, na zaidi kwa ajili ya kalimati.

Basi shangazi akanogewa. Alikuja wiki iliyofuata, akaja na nyingine. Mara alitaka uji wa mchele wenye nazi, mara alitaka Zuhura asukwe nywele na Bibi mwenyewe, tena ameegemea mapajani mwake. Hata mimi niliona marehemu huyu ana mahitaji mengi kwa mtu aliyekwisha kupumzika.

Ambacho hatukukiona ni yaliyokuwa yanapita moyoni mwa Bibi. Mwanawe anakuja nyumbani kwake kila wiki, anapita kitandani kwake, anakwenda kwa Zuhura. Kwake yeye haji. Bibi akaanza kulala mapema ili ampe nafasi. Halafu akaacha kula. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, wakati wa kukaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha shambani, na kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, kutwa. Bibi hakwenda. Alijilaza ndani, na baba alipokuja kushtuka, ndege walikuwa wameshakula sehemu kubwa. Bibi alimwambia kwamba Mwajuma amekufa na kinyongo kwa kuwa mama yake hakufika kumwosha. Baba akataka kumpeleka kwa mganga, Bibi akakataa, akasema yeye si mgonjwa, ana deni na mtoto wake.

Alhamisi hiyo alitoka nje akishika ukuta. Zuhura alikuwa amepiga magoti anapuliza makaa ya chetezo. Bibi alikaa kwenye mkeka, akaongea kwa upole, kama anayeomba chumvi kwa jirani.

"Mama yako akija tena, mwulize nilimkosea nini. Mwambie maji yalikuwa mengi. Mwambie nilikuja."

Zuhura akaacha kupuliza.

"Bibi, hajaja."

"Atakuja. Leo Alhamisi."

"Hajaja hata siku moja. Nilisema uongo. Nalala na kanga yake kila siku, namngoja, na haji."

Bibi alikasirika, sitaki kumpamba. Alisema kumzulia maiti ni dhambi kubwa, kwa sauti iliyomtoa baba ndani. Kisha hasira ikamwishia katikati ya neno. Alimtazama mjukuu wake aliyejaa jivu usoni, akalipangusa kwa ncha ya kanga.

"Kwa hiyo hajamjia mtu yeyote?"

"Hajamjia mtu."

"Basi amelala," Bibi akasema. "Tumwache alale."

Jioni ile alikula. Zuhura alihamia kitandani kwake, na kila mmoja akajifunika kanga moja ya marehemu. Mimi nikabaki na kitanda chote, nikakiona kikubwa mno. Mwaka ule tulikula sana ugali wa muhogo, na baba hakuacha kuwataja ndege kila tulipokaa kula. Msimu uliofuata Zuhura alipanda dunguni alfajiri bila kuambiwa, akaamia mpaka jua linazama, Bibi kando yake.

Nimesikia watu wakisema imani zile zilikuwa ujinga. Sijui. Najua tu kwamba kwetu hakukuwa na njia ya msichana wa miaka kumi na minne kusema ana upweke, jamani nishikeni. Kulikuwa na njia ya maiti kusema anataka kalimati. Akaipita hiyo, na ikakaribia kumuua mtu aliyempenda kuliko wote.

Zuhura sasa ana wajukuu wake Ikwiriri. Nilimtembelea Alhamisi moja, nikamkuta kwenye karai, nikamtania nikamwuliza safari hii amekuja nani, mama yake au Bibi. Hakugeuka, alikuwa anaopoa kalimati zisiungue.

"Hakuna aliyekuja," akasema. "Wamelala wote wawili. Niitie watoto."